Njia za milima ya Usambara ziandikwe kwa Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie wahusika ombi letu sisi wakazi wa Tanga mjini tunaotaka kuitembea milima ya mkoa wetu.

Mimi na shoga yangu, ambaye ni muuguzi, tunapanga kuizunguka Usambara ya Magharibi kwa miguu mwezi Septemba, mabegi mgongoni. Basi litatufikisha Lushoto kupitia Segera, Korogwe na Mombo. Kuanzia hapo tupite msitu wa Magamba, tulale Rangwi, kisha tuelekee Mtae, ambako mlima unakatika ghafla na Mkomazi yote imetandazwa chini yako. Kurudi tunataka tufuate ukingo wa magharibi, kutoka Mambo hadi Shume, ndipo tushuke Lushoto. Septemba tumeichagua makusudi: masika yamekwisha, baridi ya Juni na Julai imelegea, na vuli haijafika kuyatia utelezi yale makorongo.

Maandalizi yenyewe yana raha yake. Juzi tulibeba mabegi hadi kwa muuza mchele hapa Ngamiani, akatupimia kwenye mzani wake. La mwenzangu lilifika kilo kumi na tatu! Tukalifungua palepale juu ya gunia: sufuria, chupa ya chai, kanga, unga wa sembe. Sufuria na unga vikatoka, kwa sababu Lukozi na vijiji vya jirani ni nchi ya viazi, karoti na kabichi, na chakula cha kununua hakikosekani. Sweta nilikataa lisitoke. Mtu aliyezoea joto la pwani haamini usiku wa Lushoto mpaka umkute.

Kinachotukwamisha ni maelezo. Wageni kutoka Ulaya wanazipita njia hizi na vitabu vya lugha zao mkononi. Sisi tulipopiga simu kwa watembeza watalii fulani, tulisomewa bei za dola. Tukaeleza kwamba ni Watanzania, tunataka kujua kibali cha mwananchi cha kuingia msitu wa hifadhi ni shilingi ngapi na kinakatwa wapi. Tukajibiwa, "Njooni tu, mtajua mkifika." Muuguzi anayeombea ruhusa kazini na kudunduliza nauli hawezi kupanga safari kwa jibu hilo. Na mama yangu, aliyeniuliza wanawake wawili mtalala wapi na nani atajua mlipo, hawezi kuambiwa nitajua nikifika.

Linaniuma kwa sababu kila siku tunahimizwa tuitunze milima hii. Maji ya bomba hapa mjini yanatoka bwawa la Mabayani, kwenye mto Zigi unaoteremka kutoka misitu ya Amani, Usambara ya Mashariki. Watoto wetu wanafundishwa darasani kwamba misitu ndiyo inayoleta maji, lakini wangapi wamewahi kuikanyaga? Wazazi wangewapeleka, kama wangejua pa kuanzia na gharama yake.

Naiomba halmashauri ya Lushoto, pamoja na Wakala wa Huduma za Misitu, waweke kibao cha Kiswahili stendi ya Lushoto na kingine Mombo. Kioneshe vijiji kwa mfuatano wake, maji yanapopatikana, nyumba zinazopokea wageni, ada ya raia na simu ya ofisi ya kila kijiji. Umbali uandikwe kwa saa za mwendo. Kilomita tano za barabara ya Pongwe na kilomita tano za kupanda mlima ni vitu viwili tofauti kabisa, na anayebeba mtoto au mzigo anahitaji kujua kama atafika kabla ya giza.

Wakati tukisubiri hilo, nawaomba wasomaji wa Mtae, Mambo na Shume watusaidie kupitia ukurasa huu. Ile njia ya ukingoni inapitika yote kwa miguu, au kuna mahali lazima kurudi barabara kuu? Na kati ya Mambo na Shume, kuna kijiji ambacho wanawake wawili wanaweza kuomba malazi? Ruhusa ya kazini ya mwenzangu inaombwa mwezi mmoja kabla, kwa hiyo jibu likitoka mapema tutashukuru sana.

Mkazi wa Ngamiani,
Tanga