Mchango wa jimbo: tafadhali someni kabla ya Jumamosi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii wengi mmeuliza: kama kila kanisa la Kibaptisti linajitegemea, mchango wa jimbo, yaani umoja wa makanisa yetu ya eneo hili, ni wa nini?

Ni kweli, jimbo halina mamlaka juu ya kanisa la mahali. Halimchagui mchungaji wenu wala halimhamishi; washirika ndio wanaomwita. Lakini kujitegemea si kuachwa peke yako. Makanisa 5 ya eneo la Philadelphia kule Marekani yaliungana mwaka 1707 na kila moja likabaki na uhuru wake. Na someni 2 Wakorintho 8, jinsi Wamakedonia walivyotoa katika umaskini wao.

Hapa Tanga, kanisa changa la Mkinga au Handeni lenye familia chache haliwezi lenyewe kununua mabati, kufuatilia hati ya kiwanja na kumsomesha kijana chuo cha Biblia. Binafsi naona masomo yatangulie, hata mbele ya mabati. Tuna wainjilisti wanaohubiri kila Jumapili ambao hawajawahi kupata mafunzo hata ya wiki moja, na wanayatamani mno!

Wahazini, leteni fedha na stakabadhi Jumamosi saa 4 asubuhi, kanisani hapa mjini. Msitume kwenye namba ya mtu binafsi, hata yangu. Kanisa lisiloweza kutoa mwezi huu lije mkutanoni vilevile, kura yake ni sawa na ya mengine. Akina mama, taarifa yenu ya Pangani tutaisikiliza kwanza.