Usizikate Pembeni: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nimefurahi kusikia kwamba lile boksi la picha limefika salama huko Sumbawanga na umeanza kuziingiza kwenye kompyuta ili uzitengenezee kitabu. Umeniuliza mambo mawili: kwa nini nimezunguka mikoa yote ile na mimi mwenyewe simo pichani, na kama unaweza kuzikata pembeni zile zenye mikono ya watu ili yabaki mandhari peke yake. Yote mawili yana jibu moja, nalo ni bibi yako.

Bibi yako, Mwenyezi Mungu amrehemu, magoti yalimshika kabla wewe hujazaliwa, na tangu hapo safari yake ilikuwa kutoka chumbani kwenda barazani. Barazani alisuka ukili wa mikeka kutwa nzima. Unaikumbuka miyaa yake, yale majani ya kusukia, ya zambarau na ya kijani, ilivyotandazwa uani ikikauka baada ya kutiwa rangi. Mimi kazi ya kukagua hesabu za vyama vya ushirika ilikuwa ikinipeleka huku na huku, na kila nikirudi yeye alitaka kuona nilikotoka. Picha zangu za mwanzo za Kilwa zilikuwa bahari, minazi na lile Gereza, ngome ya kale, lilivyosimama ufukweni. Alizitazama zote, akazirudisha kwenye bahasha, akaniuliza: "Na watu wa huko wanafanya nini?"

Swali hilo ndilo lililoniongoza miaka yote iliyofuata. Mkanda mmoja ulikuwa na picha 36, na kuusafisha kulikuwa na gharama yake, kwa hiyo kabla ya kubonyeza nilisimama kwanza nikajiuliza mama atataka kujua nini hapa. Maji yanachotwa wapi? Kamba hii imesokotwa kwa nini? Nani amefuma wavu huu? Nilikuwa natembea na macho mawili, yangu na yake. Na mikono imekuwa mingi kwa sababu nyingine pia, ambayo nadhani hukuifikiria: wazee wengi wa pwani, wanawake hasa, hawapendi kupigwa picha ya sura. Nikiomba ruhusa ya uso nilikataliwa kwa upole. Nikiomba mikono, wengi waliniambia haya, piga.

Nilirudi Kilwa Kisiwani. Msikiti Mkuu unaujua kwa sifa: matumbawe na chokaa, kuba zake, ukumbi mkubwa ulioongezwa karne ya 14 wakati mji umeshiba biashara ya dhahabu. Lakini mimi nilikwenda upande wa kutawadhia, nikapiga yale mawe ya kusugulia nyayo. Hiyo ndiyo picha uliyoniuliza "mawe haya ni ya nini?" Nilipomwonyesha bibi yako nilimsimulia pia habari ya Ibn Battuta, msafiri wa zamani kutoka Moroko, aliyepita pwani yetu mwaka 1331. Alipoieleza Mombasa aliandika kwamba milangoni mwa misikiti kulikuwa na visima vifupi, watu wakiteka maji kwa chombo cha mti kilichotiwa kijiti, wakanawa miguu, kisha wakaifutia kwenye mkeka mnene uliotandikwa mlangoni. Bibi yako aliposikia mkeka aliweka ukili chini. "Huo mkeka aliusuka nani?" Msafiri yule hakutaja. Amewataja masultani na makadhi, mwenye mkeka hakumtaja, na jambo hilo lilimkaa mama yangu moyoni mpaka nikaona namna anavyoshika ukili wake imebadilika. Pembeni ya ile picha ya mawe kwenye albamu ni picha ya mkono wa mama mmoja wa kijiji cha leo cha Kisiwani, akivuta kamba ya ndoo kisimani. Niliziweka pamoja makusudi. Tafadhali usizitenganishe.

Za Kolo, kule Kondoa, ni chache na hazihitaji maneno mengi. Ni ile michoro myekundu ya miambani, watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu. Bibi yako aliitazama moja muda mrefu, akasema aliyechora alikuwa na mkono mtulivu.

Sasa nije kwenye ile unayotaka hasa kuikata, ya Ziwa Tanganyika. Meli ile ni Liemba. Wajerumani waliiunda Papenburg, kwao Ujerumani, mwaka 1913, wakaifungua vipandevipande, wakaitia kwenye makasha hadi Kigoma, wakaiunda upya. Mwaka 1916, walipoona vita vinawaelemea, waliizamisha wenyewe, lakini mafundi walizipaka injini grisi nzito kwanza ili zisile kutu. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina hili la Liemba. Bibi yako aliipenda sana habari ya grisi. Alisema mtu anayezamisha chombo chake na bado akakihifadhi, huyo ni fundi.

Wakati ule vijiji vingi vya mwambao havikuwa na gati. Meli ilikuwa ikisimama majini, ikipiga honi, na mitumbwi ikiikimbilia kutoka ufukweni. Watu, kuku, magunia ya dagaa, madumu ya mawese, vyote vilipandishwa kwa mikono kupitia mlango wa ubavuni, mawimbi yakiinua mtumbwi na kuushusha. Hapo Kirando nilipiga tenga la dagaa likiwa katikati ya mikono miwili, mmoja umetoka chini mtumbwini, mwingine umeshuka kutoka melini. Wewe unataka milima ya ng'ambo ibaki na mikono iondoke. Mwanangu, milima ile ilikuwa nyuma tu. Bibi yako aliiweka picha hiyo chini ya mto wake, na kila mgeni alimuuliza: "Huyu wa juu ameshashika, au wa chini bado hajaachia?"

Kwa hiyo ziache zilivyo, na ukungu wake na pembe zake zilizopinda. Na geuza kila moja nyuma kabla hujaiweka kwenye mashine: maandishi ya wino wa buluu ni maswali ya bibi yako, akiyasema mimi nikiandika. Yaingize kitabuni chini ya picha zake, kwa maneno yake.

Mengine hayajajibiwa bado. Nyuma ya ile ya Kirando ameuliza tenga limesukwa kwa mianzi au kwa matete, nami meli ilikuwa inaondoka. Kutoka hapo ulipo, Kirando unafika kwa gari kupitia Namanyere. Ukipata siku ya mapumziko nenda ukaulize, na anayeyasuka akikubali, mpige picha. Umwombe ruhusa kwanza, na umwambie inakwenda kwa nani.

Baba yako anakusalimu.

Mama yako