Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: dawa ya sumu ya methanoli ifike wodini kabla ya mkasa mwingine

Mheshimiwa Waziri,

"Sista, stima imepotea?"

Aliyeniuliza hivyo alikuwa fundi wa mawe, kijana wa miaka thelathini na kitu, ameketi kitandani macho wazi. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeingia dirishani hadi kwenye blanketi lake. Nilimpa kikombe cha chai, mkono wake ukapita kando mara mbili. Mkewe alikuwa ametuambia ni malaria. Aliogopa polisi, hakuthubutu kutaja chang'aa, pombe kali ya kienyeji, nasi tukapoteza saa sita tukiitibu malaria ambayo haikuwepo. Alipona. Macho hayakurudi.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wanaume katika hospitali moja ya kaunti. Nakuandikia kuhusu methanoli, kileo cha viwandani chenye sumu, kwa sababu nimechoka kuipokea mikono mitupu.

Methanoli haina rangi, na mnywaji hawezi kuitambua kwa ulimi. Muuzaji anayetaka makali kwa bei nafuu huichanganya tu. Mtu analewa, analala, anaamka akidhani ni uchovu wa pombe ya jana. Saa 12 hadi 24 zinaweza kupita bila dalili kubwa. Kumbe ini linaigeuza kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo ndiyo inayoharibu mishipa ya macho na kuichachua damu. Mgonjwa huanza kuhema haraka na kwa nguvu, kama aliyepanda mlima mbio, na kuona kila kitu kama kiko nyuma ya ukungu. Anayempokea bila kujua anachotafuta ataandika malaria, nimonia au kisukari. Nasi tuliandika.

Dawa yake huwashangaza hata wenzangu kazini. Ni ethanoli, yaani kileo chenyewe kikiwa safi, kinachotolewa kwa kipimo na chini ya uangalizi wa daktari. Kimeng'enya cha ini, yaani kichocheo kinachovunja kileo, hukimbilia ethanoli kwanza na kuiacha methanoli, ambayo hutoka mwilini taratibu au husafishwa kwa mashine ya figo. Ipo pia fomepizoli, inayofanya kazi hiyo hiyo bila kumlewesha mgonjwa, na Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2013. Ongeza baikaboneti ya kupunguza asidi na vidonge vya foliki, vile vile tunavyowapa wajawazito kliniki. Fomepizoli ni ghali, nakubali. Hivyo vingine si ghali.

Mheshimiwa, hili si jambo geni kwetu. Mwaka 2000 mitaa ya Mukuru, Nairobi, ilizika zaidi ya watu 100 kwa pombe ya kumi kumi. Machakos ikafuata 2005. Sheria ya 2010 ikaruhusu chang'aa iuzwe ikiwa imetiwa chupani na kupimwa, lakini 2014 watu wakafa tena katika kaunti kadhaa. Februari 2024 ikawa zamu ya Kirinyaga, na ikaelezwa kuwa pombe ile ilikuwa kielelezo cha kesi kilichoibwa kituo cha polisi. Kila mara tunaona mitungi ikimwagwa mbele ya kamera na baa zikifungwa. Sijawahi kuona hatua moja iliyofika hadi kwenye kabati la dawa la wodi yangu.

Na ushahidi upo, tena wa hapa hapa Kenya. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na wataalamu wa sumu kutoka Oslo walichunguza mikasa ya Libya ya 2013 na ya kwetu ya 2014. Libya, kati ya wagonjwa 1,066 waliokufa ni 101, karibu mmoja kati ya kumi. Kwetu, mwezi Mei, kati ya 341 walikufa 100, karibu watatu kati ya kumi. Mwezi Julai, kati ya 126 walikufa 26, karibu wawili kati ya kumi. Nimezisoma tarakimu hizo mara nyingi usiku wa zamu. Mgonjwa wa Kenya ana mwili ule ule, na sumu ni ile ile.

Naomba ethanoli ya hospitali, baikaboneti na foliki viwekwe katika kila hospitali ya kaunti, na akiba ya fomepizoli iwe mahali panapofikika usiku huo huo. Maafisa wa kliniki na wauguzi wafunzwe kuuliza swali la pombe bila kumtisha mtu, na iwekwe wazi kwamba mgonjwa akisema ukweli hataitiwa polisi. Hili la mwisho halihitaji shilingi hata moja, na ningelianza nalo. Kisha kila kisa kiandikwe: alikunywa lini, alifika lini, alipewa nini, alitoka vipi. Bila rekodi hizo, watafiti wetu watabaki kusubiri wageni waje kutuhesabia wafu wetu.

Mimi nimeanza, kwa daftari la shule la kurasa 96. Halina jina la mtu. Lina saa, pumzi, macho na dawa iliyokosekana. Ukimtuma mtu wako, au ukiniita mwenyewe, nitalileta.

Wako mtiifu,
Muuguzi, wodi ya wanaume