Barua kwa Mwanaisha: kuhusu macho ya baba

Barabara ya 12, Ngamiani
Tanga

Shoga yangu Mwanaisha,

Asalaam aleikum. Mimi huku sijambo, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Mama anakusalimu sana. Kassim anakusalimu. Rukia anakusalimu na anakukumbusha hina uliyomwahidi. Bi Salma anarudi huko Muscat Jumapili, ndiyo maana naandika usiku huu mbiombio. Achari ya embe iliyomo mfukoni ni yako. Ile ya ndimu ni yake mwenyewe Bi Salma, usije ukaifungua.

Niingie kwenye jambo lenyewe. Baba yako amekataa kufanyiwa upasuaji.

Usishtuke, mzima kabisa na chakula anakula. Fedha ulizotuma zimefika zote, Kassim kazilipa hospitali na risiti nimeiweka mimi kabatini, chini ya kanga zangu. Tarehe tumepewa, Jumanne ya wiki ile ya pili kuanzia sasa. Daktari alimweleza vizuri kwamba mtoto wa jicho ni kazi ya muda mfupi, jicho linatiwa ganzi, ile lenzi iliyoingia ukungu inatolewa na kuwekwa nyingine, anarudi kulala nyumbani jicho limefunikwa na kesho yake asubuhi anafunguliwa. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akashika mkongojo wake. Tulipokuwa kwenye bajaji akaniambia, "Zuhura, mimi sifunguliwi jicho mpaka mwanangu arudi. Nataka nikifumbua nimwone yeye kwanza."

Nikadhani ni woga, utapita. Wiki tatu sasa haujapita. Na Mwanaisha, kosa ni langu, na ndilo ninalotaka kukueleza.

Unamkumbuka binti wa Mama Tunu, yule wa London? Alipokuja likizo alimwachia Rukia vitabu vya hadithi za vijana. Kimoja ni cha Axie Oh, Mmarekani mwenye asili ya Korea, kimetoka 2022, kinaitwa The Girl Who Fell Beneath the Sea. Rukia alikimaliza kwa siku nne, akanisumbua mpaka na mimi nikakisoma. Nikakesha. Kina bahari, kina tufani, kila mwaka msichana mzuri kuliko wote anatupwa majini awe mke wa Mungu wa Bahari ili dhoruba zitulie. Zamu hii ni ya Shim Cheong. Sasa kuna msichana mwingine, Mina, na kaka wa huyo Mina anampenda Shim Cheong, na Shim Cheong anampenda, na huyo kaka kaingia chomboni kumfuata ingawa anajua akikamatwa ameponzeka. Mina anawatazama wote wawili, hasemi neno, anajirusha yeye.

Wasichana wa hapa mtaani wakataka niwahadithie. Unajua baraza letu, jioni baada ya Magharibi wanakuja sita, saba, baba yako anakaa kwenye kiti chake cha kamba pembeni na tasbihi yake. Sikuona vibaya. Nikawa nahadithia kidogo kidogo kwa Kiswahili, kila jioni kipande. Waliposikia Mina amejirusha, Tatu alisimama wima.

Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta hadithi yenyewe ya asili, maana Mina ni wa mwandishi, ila Shim Cheong ni wa Wakorea wote, wanamjua kama sisi tunavyomjua Abunuwasi na sufuria yake iliyozaa. (Na Abunuwasi naye, nilipowaambia wale watoto kwamba alikuwa mshairi kweli wa Baghdad, zama za Harun Rashid, walikataa kabisa. Wanajua ni mtu wa huku.) Hadithi ya Shim Cheong huimbwa. Mwimbaji mmoja amesimama na upepeo mkononi, mpiga ngoma mmoja amekaa chini, na hao wawili tu wanaweza kukuchukua saa nyingi. Wanauita uimbaji huo pansori. Nilisikiliza kwenye simu sikuelewa hata neno moja, na nililia.

Maana hadithi yenyewe ni hii. Kuna kipofu mmoja, Shim, mkewe amekufa siku chache baada ya kujifungua. Kile kitoto kinalia njaa. Yule baba anakibeba kifuani, anapapasa njia nyumba kwa nyumba, anawaomba wanawake wanaonyonyesha wamgawie mwanawe ziwa. Ndivyo alivyomkuza. Siku moja mzee akatumbukia mtaroni, mtawa akamvuta, akamwambia ukitoa magunia 300 ya mchele hekaluni macho yako yatafunguka. Mzee kwa furaha akaahidi, na nyumbani hana hata kibaba. Binti akasikia. Wakapita wafanyabiashara wa baharini wanatafuta msichana wa kutoa kafara ili maji yawapitishe, wanalipa. Akajiuza kwa magunia 300. Hakumwambia baba yake mpaka asubuhi ya safari.

Sasa fikiria baba yako amekaa pale.

Nilipofika hapo nilimwona ameacha kuhesabu tasbihi. Punje moja kaishika kati ya vidole viwili, haiendi mbele hairudi nyuma. Nilitaka kukatisha, nikashindwa, watoto wamenikodolea macho. Nikaendelea. Mchele ukatolewa hekaluni na macho hayakufunguka. Binti kule chini ya maji akapokewa na Mfalme Joka wa bahari, akarudishwa juu ndani ya ua la yungiyungi, akaolewa na mfalme. Akawa malkia na bado hana raha, akafanya karamu ya vipofu wote wa nchi ile, siku baada ya siku anatazama mlangoni. Baba yake akaja mwisho kabisa, nguo zimechakaa. Akamwita, "Baba!" Mzee akasema, mwanangu mimi alikufa baharini, nani ananiita baba? Kama ni wewe kweli hebu nikuone. Na macho yakafunguka. Na vipofu wengine wote waliokuwa karamuni nao wakafunguka macho.

Wasichana wakapiga makofi. Baba yako hakusema kitu mpaka wote walipoondoka. Ndipo akaniuliza, "Kwa hiyo yule mzee, wa kwanza kumwona alikuwa mwanawe?" Nikamjibu ndiyo, baba. Kesho yake ndiyo tulikwenda kwa daktari.

Umeona basi? Ni mimi niliyempa hilo neno.

Nimelala nalo nikaamka nalo. Na nikikisoma tena kile kitabu kipya nakuona wewe kila ukurasa, nisamehe kwa kukuambia hivi. Wengine wanasema hizi hadithi za kale zinaharibiwa na vijana wanaoziandika upya. Mimi siafiki. Rukia ananiambia mwaka huohuo 2022 kuna mwandishi mwingine, Sue Lynn Tan, kamshika Chang'e wa Wachina, yule aliyekunywa dawa ya kutokufa akapaa mpaka mwezini. Hadithi hiyo ina njia nyingi za kusimuliwa, na katika baadhi yake anaitwa mwizi wa dawa ya mumewe. Huyu dada akaandika kwamba alikuwa mjamzito, anaogopa kufa na mtoto tumboni, na mtoto huyo kakua mwezini kwa kufichwa. Yaani mtu amekaa akamuuliza yule mwanamke, kwani wewe ulikuwa na nini siku ile? Na Mina vilevile. Karne zote watu wanamsifu Shim Cheong kwa utiifu, akaja mtu akamtazama usoni, akaona hataki kwenda.

Lakini kuna kitu nakikosa humo, nacho ni yule baba. Kitabu kinamfuata Mina kule chini kwenye mapepo na mabwana wa bahari, kinavutia sana, na yale mapenzi yake utayapenda. Ila mzee anayepapasa njia na kitoto kifuani anabaki upande ule mwingine wa maji. Nataka vyote viwili. Nataka binti aulizwe, na nataka baba apate kumwona.

Mimi sikukuuliza, Mwanaisha. Nilikubebea begi mpaka kwenye basi la Dar, nikakununulia maji na maandazi, nikasimama pale dirishani naongea habari za Kassim na mke wake, na wewe unanijibu na macho yako hayapo. Niliona. Nikasema moyoni, ameshaamua, nisimtie unyonge. Mkataba wako wa kazi huko ni miaka miwili, umebaki mwaka na miezi minne, na macho ya mzee hayana mwaka na miezi minne ya kungoja. Daktari kasema jicho likikomaa zaidi ya hapo kazi inakuwa ngumu. Juzi amejigonga kwenye nguzo ya baraza aliyoisimika mwenyewe.

Kwa hiyo ninalokuomba ni hili. Najua simu unapewa Ijumaa tu, na najua mama wa nyumba hapendi kuombwaombwa. Lakini muombe Jumatano ile, siku ya kufunguliwa jicho, asubuhi. Dakika kumi. Huku itakuwa saa tatu, kwenu saa nne. Mimi nitakuwa nimesimama mbele yake na simu, nesi akitoa kitambaa nakuweka hapo hapo, usoni kwake, kabla hajaniona mimi, kabla hajaona ukuta. Nesi nimeshamweleza, kakubali, kasema tu mwanga wa simu tuupunguze.

Mzee nimemwambia juzi. Hakukataa, hakukubali. Alinyamaza, kisha akauliza, "Humo kwenye kioo ataenea?" Nikamwambia uso wote utaenea. Akauliza tena, "Na sauti yake inatoka hapo hapo?" Nikamwambia hapo hapo. Akasema mpe salamu zangu. Basi. Lakini jana nilimkuta anamwambia Kassim amtafutie kofia yake ile ya vito, ifuliwe.

Kitabu nakuletea pia, Rukia kakubali kwa shingo upande. Kimefungwa ndani ya kanga, sikumwonyesha Bi Salma, angeanza kukisoma ndani ya ndege.

Sasa nijibu. Unaweza kuipata simu Jumatano? Mama wa nyumba ana moyo gani siku hizi, bado anapiga kelele? Unalala saa ngapi? Kifua kile kilipona? Wanakuacha ukae nje jioni, au ni ndani kwa ndani? Na lile ambalo sikukuuliza pale kwenye basi nakuuliza leo, hata kama nimechelewa: ulitaka kwenda? Ungekuwepo wa kujirusha badala yako, ungemwachia? Nikisema nianze kuulizia habari ya kukurejesha kabla mkataba haujaisha, utanikasirikia? Ijumaa hii ukipiga, ongea na baba yako kwanza, mimi baadaye. Usimwambie habari ya hospitali, mwite tu. Nitakuwa naye barazani tangu saa kumi.

Wako,
Zuhura

Tatu anauliza kama baharini huko Muscat kuna joka. Umtazamie.