Mgodi ulishafungwa, kifusi bado kiko juu yetu

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Juzi ndugu yangu wa Mtwara kanitumia video ya malori ya makaa ya mawe kutoka Mbinga, Ruvuma, yamepanga foleni kuelekea bandarini, chini kaandika "mambo yanaenda". Nimefurahi, sikatai, hela ni hela. Ila mi naishi sehemu ambayo mambo yalienda hivyohivyo zaidi ya miaka mia afu yakasimama.

Niko Wales, bonde linaitwa Rhondda Fach, kazi yangu kuhudumia wazee majumbani. Juu kabisa ya bonde kuna kijiji kinaitwa Maerdy, mgodi wake ulifungwa Desemba 1990 na ndo ulikuwa wa mwisho Rhondda nzima. Ukiingia tu unakutana na nusu ya gurudumu kubwa la chuma, lile lililokuwa linashusha wachimbaji shimoni, limesimikwa pale kama kaburi. Baada ya hapo ni nyumba za mawe zimeshikana kama mabehewa, maduka mengi yamefungwa, vijana wanapanda basi kwenda kutafuta kazi Cardiff.

Nina mzee mmoja namhudumia, alianza kushuka shimoni ana miaka 15. Ana mistari ya bluu mkononi na juu ya pua, mi nikajua tatuu, kumbe akiumia kule chini vumbi la makaa linaingia kwenye kidonda na ngozi inafunga nalo ndani, halitoki tena. Mapafu yamekwisha. Anatembea na mrija wa oksijeni, akienda jikoni kuchemsha chai unamfuata nyuma kama kamba ya mbuzi. Sasa muulize kuhusu mgodi, anakwambia wakifungua kesho anarudi! Mwanzo nikasema uzee huu, baadae ndo nikaelewa, kule alikuwa na wenzake. Mwaka 1984 waligoma karibu mwaka mzima, Maerdy hakuna aliyewasaliti wenzake, na Machi 1985 walivyoshindwa wakarudi kazini kwa maandamano, bendi inapiga mbele. Haikupita miaka sita shimo likafungwa. Ule umoja lakini upo, wiki ya kwanza nimehamia jirani kagonga na keki mkononi anataka kujua natoka wapi na nimekula nini, haki ya Mungu nikajiona niko Uswahilini.

Kinachoniuma ni kifusi. Hii milima ya kijani mnayoona kwenye picha zangu, mingine sio milima, ni uchafu uliotolewa shimoni ukarundikwa juu ya vijiji na majani yakaota. Februari 2020, kimbunga Dennis, kifusi cha Tylorstown hapa chini yetu kiliporomoka hadi mtoni, tani kama 60,000, bahati hakufa mtu. Mabonde mawili kutoka hapa ni Aberfan, 21 Oktoba 1966 asubuhi kifusi kiliwaangukia watoto darasani, wakafa watoto 116 na watu wazima 28. Vifusi vya hivyo Wales nzima ni zaidi ya 2,500, waliokula faida wengi wao hawapo tena, gharama ya kuvilinda iko kwa walipa kodi, na mimi nimo. Usiku wa mvua kubwa mzee wangu hataki nifunge pazia, anakaa anaangalia juu.

Sasa nauliza, kule Ruvuma kifusi kinamwagwa wapi, kiko juu ya nani, na kuna hela yoyote inayowekwa pembeni saa hii malori yanatembea, au itatafutwa mgodi ukishafungwa? Kama kuna msomaji wa Mbinga anajua aandike hapahapa gazetini. Ndugu yangu nimemuuliza, kanijibu na kikatuni cha kucheka.

Mtanzania wa bondeni,
Rhondda, Wales