Barua kwa Mwanaidi

Dayton, Ohio

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi shoga yangu. Mimi na watoto hatujambo. Juzi simu ilikatika kabla sijakueleza ile kazi ya majaketi.

Hapa kuna watu ambao wikiendi huvaa sare za zamani na kuigiza Vita Kuu ya Pili. Kundi lililonipa kazi linaigiza Flying Tigers, marubani wa Kimarekani wa kujitolea, takriban 100, walioipigania China chini ya Claire Chennault. Mapambano yao ya kwanza yalikuwa tarehe 20 Desemba 1941 karibu na Kunming. Julai 4, 1942 kikosi kikavunjwa.

Ninachokishona mgongoni mwa jaketi ni kitambaa cha hariri chenye bendera ya China ya wakati ule: nyekundu, pembeni buluu yenye jua jeupe. Chini yake yameandikwa kwa Kichina kwamba mgeni huyu amekuja kusaidia vita, basi wanajeshi na raia wote wamwokoe na kumlinda. Rubani akiangukia kijijini, lugha haijui, kitambaa ndicho kinachomsemea. Kitu kilichobeba roho ya mtu sikishoni ovyo.

Wewe ni fundi, utanielewa. Ngozi haina kurudia, tundu ulilotoboa limetoboka. Nayo hariri inateleza, kwa hiyo pini siweki, nabana kingo kwa vibanio kisha nashona kwa mkono, taratibu, kwa uzi wa pamba. Nyuzi nyingi za siku hizi zikimulikwa taa ya urujuanimno zinang'aa, za wakati ule hazing'ai.

Mteja mmoja alitaka nikichovye kwenye chai kionekane kikuukuu, tena nisikitie alama. Nilikataa. Kila kitambaa changu naandika NAKALA na mwaka kwa nyuma, kwa wino usiotoka. Kwa mbele huoni kitu, lakini atakayefumua ataona. Vile vya kweli vina muhuri na namba, na wapo wanaovinunua ghali. Vikizagaa vya uongo, hata familia iliyotunza cha babu yao haitaaminiwa. Mteja akachukua jaketi lake akaenda kwingine, na sijutii hata kidogo.

Nina ombi. Yule mzee wa viatu pale Ngamiani, uzi wake anautia nta ya nyuki kabla ya kushona au baadaye? Wangu unachakaa haraka kwenye ngozi nene. Muulize, unirekodie sauti.

Msalimie mama.

Wako,
Rehema