Gharama za meli kuchelewa zisimwangukie mchuuzi

Mhariri,

Tangu wapiganaji wa Kihuthi wa Yemen waanze kushambulia meli katika Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, meli nyingi za kutoka Ulaya ziliacha Mfereji wa Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Safari ikarefuka kwa wiki moja hadi mbili, nauli nayo ikapanda. Hilo twalielewa.

Linalotuumiza ni yanayotukuta bandarini Kilindini. Sisi wauza mitumba wa Kongowea huchangia kontena moja watu kadhaa. Meli zilizochelewa huja kwa mkupuo, makontena yakarundikana, na siku za kuhifadhi mzigo bila malipo zikaisha kabla hatujaitwa kwenye ukaguzi. Hapo twadaiwa ada ya hifadhi, na mwenye meli naye adai yake kwa kontena ambalo halijarudi. Robota likikatwa kamba, bei ya kamera, yaani zile nguo bora za kuchaguliwa kwanza, imeshapanda. Mama aliyekuja kuteulia wanawe watatu sweta aondoka na moja.

Twaomba siku hizo za bila malipo zihesabiwe tangu mzigo unapokuwa tayari kukaguliwa, si tangu uliposhushwa melini. Na mawakala wanaotutolea mzigo bandarini watuonyeshe stakabadhi ya kila ada wanayotutoza.

Mchuuzi wa mitumba,
Kongowea, Mombasa